Nyamizi Amefukia Mlango

Kusini mwa Australia
3 Agosti 2025

Mama, shikamoo.

Natumaini safari hii Uwesu ameichapa barua vizuri pale dukani kwake Isevya, maana ile ya mwezi wa sita ulisema ilikatika pembeni ukasoma nusu nusu. Najua tunaongea kwa simu kila Jumapili. Lakini kwenye simu mimi naanza kulia, wewe unaanza kunibembeleza, na mwisho hakuna aliyesema alichotaka kusema. Bora niandike.

Mama, nimemwona! Mwaka mzima nimefuata vinyesi na mashimo porini, na sasa ekidna wangu mmoja ana yai. Nilishakueleza mnyama huyu alivyo: kama kalunguyeye aliyenenepa, miba mgongoni, mdomo mwembamba kama mrija, chakula chake mchwa na sisimizi. Ana manyoya, ana maziwa, kwa hiyo ni mamalia halali. Ila hana chuchu. Na hazai, anataga.

Mwezi uliopita madume saba walimfuata kwa mstari mmoja, pua ya huyu kwenye mkia wa yule, wiki mbili na siku tatu. Yeye ametangulia, anakula mchwa wake, hageuki nyuma. Akisimama, wote wanasimama. Nilicheka peke yangu mpaka nikakaa chini. Nilikumbuka ule msafara wa wapagazi tuliochorewa ubaoni shule ya msingi, ukitoka Unyanyembe kwenda pwani, ila hawa mzigo wao ulikuwa tamaa tu. Wakapungua, wakabaki wawili, kisha mmoja.

Ijumaa tulimpima. Ngozi ya tumbo imejikunja ikawa mfuko, na ndani yake yai moja lenye ukubwa wa zabibu. Ganda lake ni laini kama ngozi. Moja tu, Mama! Na baada ya hili anaweza kukaa miaka mitatu, minne, hata mitano bila kutaga tena. Wenzangu wanamwita Namba Kumi na Nne. Mimi nimemwita Nyamizi.

Msimamizi wangu anasema kinda huyu akikua mpaka aachishwe ziwa, utafiti wangu utakuwa na nguvu, na kuna nafasi ya kuendelea na udaktari. Miaka mitatu mingine. Sijajibu. Nimekuambia wewe kwanza.

Minza mwanangu hajambo? Bado anavaa viatu mguu wa kulia kushoto? Mbusu.

Mwanao,
Julieth

*

Itetemia, Tabora
10 Agosti 2025

Julieth mwanangu, marahaba.

Kwanza tugombane. Katika majina yote ya dunia hii umekosa la kumpa huyo nungu wako, ukachukua la mama yangu mzazi? Ungemwita basi hata Apolinaria, shangazi wa mumeo, angalau huyo ana miba.

Mimi nimezalisha wanawake miaka thelathini na nne. Nimepokea mapacha, nimepokea waliotanguliza miguu, nimepokea mmoja ndani ya behewa kabla treni haijafika Urambo. Yai sijapokea. Sasa nijibu kama unavyomjibu mkunga, usinijibu kama mama yako. Kitovu kinakatwa na nani? Akishikwa na uchungu analia? Hilo yai linaingiaje mfukoni? Na huyo mtoto ananyonya nini? Pale uliposema hana chuchu nilidhani Uwesu kakosea kuchapa, nikamrudia dukani. Akaapa kwamba ndivyo ulivyoandika.

Na ujue Uwesu anasoma barua zetu. Wala hafichi. Ananikabidhi karatasi huku ananiuliza, "Bi Yustina, hivi yale madume saba hayakupigana?" Wanawake wa sokoni nao wameniuliza. Isevya nzima inasubiri hilo yai.

Jina nimelifikiria tena nikiwa napepeta mchele. Mama yangu alizaa mara moja, mimi tu. Walimsema weee, wakamtungia na majina. Yeye akanilea, akalima, akawazika wote waliomsema, akafa ana miaka tisini na minne meno yakiwa kinywani. Basi mwache huyo mnyama aitwe Nyamizi. Ila akifanya ujinga mnyang'anye.

Hilo la udaktari tutaliongea, usijibu haraka. Minza anakula, ananenepa, amejua kufunga vifungo. Mzee Bundala alipita kutoka Nzega kumsalimia mjukuu, akaleta kuku na karanga, akakaa kidogo, akaondoka. Ndiyo ya hapa. Usihangaike.

Mama yako,
Yustina

*

Kusini mwa Australia
24 Agosti 2025

Mama, shikamoo.

Mkunga, nakujibu.

Kitovu cha kukatwa hakuna. Mtoto hula kiini cha yai mpaka siku ya kutoka, na siku hiyo analipasua mwenyewe kwa kijino kilichoota puani, kisha kijino kinadondoka. Mama yake halii. Yai linaingiaje mfukoni? Wataalamu wenyewe wanaulizana. Wanaamini hujikunja mpaka yai linatoka moja kwa moja na kutua ndani. Ningekuwa nawe hapa ungeshamkalisha kitako ukamwangalia!

Ametoka tarehe 11, siku kumi hivi baada ya kutagwa. Mama, ana uzito wa punje moja ya mahindi. Haoni, hana unyoya, ana vijikono viwili tu vyenye nguvu, na kwa vijikono hivyo anashika manyoya ya tumbo na kupanda mwenyewe mpaka mahali ngozi inapotoa maziwa. Maziwa yanatoka kama jasho, sehemu mbili, yana rangi ya waridi kidogo, naye analamba. Hakuna anayemwonyesha. Wiki mbili hizi ameshaongezeka mara nyingi sana, ukimwona unasema si yule.

Halafu nikuambie hili. Kwenye hifadhi ya wanyama karibu nasi kuna ekidna jike, mwaka huu anatimiza arobaini na sita. Alipototolewa, wewe ulikuwa bado unasomea ukunga. Anakula taratibu, analala sana, moyo wake hauna haraka, na watu wamestaafu kumtunza wakamwacha yuko vilevile. Wanyama wa ukubwa wake wengi miaka kumi hawafiki. Nikimtazama nasikia heshima, Mama, kama niko mbele ya mtu mzima.

Sasa mimi nikuulize. Mbona Minza haji kwenye simu? Jumapili tatu unaniambia amelala, na mimi nasikia anacheka hapo nyuma. Kuna nini?

Julieth

*

Itetemia
14 Septemba 2025

Julieth mwanangu,

Marahaba. Barua yako imekaa mezani wiki tatu, nikiifunika na kuifunua. Nilikuficha mambo mawili. Niache niyaseme yote, ndipo ukasirike.

La kwanza ni la baba mkwe wako. Mzee Bundala hakupita kusalimia. Alikaa kutoka saa nne mpaka saa nane, kuku wake mwenyewe nikamchinja akamla. Uwesu, asiyejua kunyamaza, alimsimulia kondakta wa basi la Nzega kwa fahari kwamba binti ya Bi Yustina atakuwa daktari ng'ambo, anabaki miaka mitatu mingine. Kondakta akafikisha. Mzee aliniambia hivi: "Masolwa mwanangu nimemzika. Mahari tulitoa yote, hakuna asiyejua. Mtoto ni wa kwetu, tulimwachia mama yake amlee. Sasa mama yake amemtupa amekwenda kulea nungu. Minza aje Nzega."

Nilimjibu vibaya, siandiki nilivyosema. Ameitisha kikao hapa kwangu Jumamosi tarehe 18 Oktoba, yeye na ndugu zake. Na kwa mila zetu, mwanangu, ana haki ya kusema. Hata baba yako angekuwa hai asingembishia sana.

La pili. Minza ananiita Mama. Tangu mwezi wa nne. Ukipiga simu nikamwambia njoo uongee na mama, ananitazama, anasema, "Mama si wewe?" na simu hashiki. Ndiyo maana nikasema amelala. Na nikueleze ukweli kama ninavyoungama: sikumsahihisha. Nilifurahi. Nina miaka sitini na tisa, nyumba hii ilikuwa kimya tangu baba yako aondoke, akaja mtoto akaniita Mama, nikaitika. Nilijua kwamba naitikia kisicho changu, nikaendelea kuitika.

Nikasirikie. Lakini niandikie.

Mama yako

*

Kusini mwa Australia
5 Oktoba 2025

Mama, shikamoo.

Wiki tatu sikuandika. Nilikuwa na hasira na wewe, kisha na Mzee, kisha nikabaki na hasira na mimi mwenyewe, na hiyo haijaisha. Nilimwacha Minza ana miaka miwili na miezi minne. Nilisema miaka miwili tu, nakwenda narudi.

Sasa sikia mnyama wako alichofanya. Tarehe 29 mtoto alianza kuota miba, inamchoma mama tumboni. Nyamizi akachimba shimo, akamtoa mfukoni, akamnyonyesha, akamlaza ndani, akatoka. Kisha akageuka akafukia mlango kwa udongo, akaukanyagakanyaga, akaenda zake. Leo ni siku ya sita. Kidude cha redio alichofungwa kinaonyesha yuko mbali, kilomita nzima, anakula mchwa. Vitabu vinasema siku tano, wengine zaidi. Mimi namwona mtoto kwenye kamera nyembamba tuliyoipitisha shimoni. Amelala, hatikisiki, peke yake gizani.

Msimamizi wangu anasema tusubiri, tusiguse. Mimi siwezi, Mama. Nimeshaweka koleo garini. Kesho asubuhi nitalifukua lile shimo nimtoe, nimlee kwa chupa, utafiti uharibike ukiharibika. Na nimeandika barua ya kuacha masomo, hiyo nayo naipeleka kesho. Nitafika kabla ya kikao. Mzee Bundala amesema kweli. Mimi na huyu Nyamizi ni kitu kimoja, tumefukia mlango tukaenda kula.

Niombee safari.

Julieth

*

Itetemia
5 Oktoba 2025

Julieth!

Nimekupigia mara nne hupatikani. Uwesu amekuja mwenyewe na baiskeli mpaka huku Itetemia, Jumapili yote hii, jasho linamtiririka, anasema, "Bi Yustina, soma hapa hapa, mimi nitangoja nipige picha majibu." Kwa mara ya kwanza nimeshukuru kwamba anasoma barua za watu.

Usiliguse hilo shimo. Umenisikia? Weka koleo chini.

Nitakusimulia kitu ambacho hata baba yako hakukijua. Mwaka wangu wa pili kazini, mwanamke mmoja alijifungua salama, mtoto analia vizuri, kondo la nyuma likachelewa. Dakika kumi, kumi na tano. Lilikuwa linakuja, ishara zote zilikuwepo, nami nilizisoma darasani. Lakini kukaa bila kufanya kitu nilikuona ni uzembe, mikono ikaniwasha, nikavuta. Damu iliyotoka siku ile sitaki kuikumbuka. Alipona kwa neema ya Mungu na kwa daktari aliyekuwa jirani. Mimi mpaka leo namwota. Miaka thelathini na miwili iliyobaki nilifundisha wasichana wote waliopita mikononi mwangu jambo moja: kama mama anapumua vizuri na hatoki damu, kalia mikono yako. Wengine walinicheka. Nilikuwa nawakalisha juu ya mikono yao kweli kweli.

Huyo mtoto analala, hatikisiki. Tumbo lake likoje? Limenywea au limejaa? Mtoto mwenye njaa anahangaika, Julieth. Anayelala ameshiba. Na yule mama amefukia mlango nyoka asiingie. Anayetupa mtoto hahangaiki kukanyaga udongo.

Na barua ya kuacha shule ichane. Ukija mbio sasa, Mzee atakuwa amekutisha ukatishika, na kesho atakutisha tena kwa lingine. Kikao niachie mimi. Kila asubuhi tukinywa uji namwonyesha Minza picha yako: huyu ni Mama, mimi ni Bibi. Ananicheka, anasema naongea uongo. Sitaacha.

Kalia mikono, mwanangu. Nakuomba.

Mama yako

*

Kusini mwa Australia
6 Oktoba 2025

Mama!

Amerudi! Siku ya saba, saa nne asubuhi, jua limetoka. Nimekaa kwenye gogo mbali na shimo, mikono nimeikalia kweli, imekufa ganzi. Nikamwona anakuja anayumbayumba kama kawaida yake, hana papara. Mimi nalitafuta lile shimo kwa kifaa na bado hunipotea. Yeye alikwenda moja kwa moja, akafukua mlango, akaingia, akaufunga nyuma yake.

Amenyonyesha kwa saa mbili. Mtoto amelamba mpaka tumbo likawa duara, akashindwa kugeuka. Hivi ndivyo watakavyokwenda, anatoka siku tano, sita, saba, anarudi, mpaka mwezi wa pili au wa tatu mtoto aweze kujitafutia. Miezi mitano ya kwenda na kurudi, Mama, kwa ajili ya mtoto mmoja.

Barua nimeichana. Natuma video. Mwambie Uwesu aitunze.

Na tumbo lake lilikuwa limejaa, jana. Nilirudi nikaangalia picha. Lilikuwa limejaa, mimi ndiye sikuangalia.

Julieth

*

Itetemia
19 Oktoba 2025

Julieth mwanangu,

Nianze na unalolitaka. Mtoto yuko hapa, amelala, na safari hii amelala kweli.

Walikuja watano. Mzee Bundala, kaka yake, Shangazi Apolinaria na vijana wawili waliokula sana wakanyamaza sana. Mzee akaanza na ukoo kama desturi yake. Babu yake mpagazi, alibeba pembe kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo, akakaa huko, akarudi baada ya miezi kumi na minne, na wao ni ukoo wa watu wenye miguu. Nikamwacha amalize. Kisha nikamuuliza kwa adabu zote, "Baba, huyo babu aliporudi alimkuta wapi mtoto wake?" Akasema alimkuta kwa mama yake, ameshaanza kutembea. "Na kuna mtu alisema amemtupa?" Shangazi Apolinaria akakohoa. Mzee akasema yule alikuwa mwanamume, alikwenda kutafuta. Nikamwambia, basi leo nikuonyeshe mwanamke.

Uwesu alikuja na simu yake kubwa, amevaa kanzu ya Ijumaa. Nikawaeleza kama nilivyokuwa nawaeleza wanafunzi wangu. Yai moja. Punje ya mahindi inayopanda tumbo la mama yake bila kuonyeshwa njia. Maziwa yanayotoka kama jasho. Miba, shimo, mlango, siku saba. Walipomwona anarudi, anafukua pale pale, anaingia, Shangazi Apolinaria akapiga kofi la paja: "Heee! Mama huyu ana akili kunishinda!" Mzee akataka irudiwe. Ikarudiwa mara tatu. Akauliza, "Nani alimwita?" Nikasema hakuna aliyemwita. "Na mtoto siku saba hakulia?" Nikasema aliachiwa shibe. Nikamweleza na wewe ulivyoshika koleo ukitaka kumwokoa mtoto asiyehitaji kuokolewa, na kwamba ungemtoa, mama yake angerudi akute shimo tupu. Hapo nikamtazama.

Mzee alivua miwani. Nilijua atanifokea. Akasema taratibu, "Bi Yustina, nina miaka sabini na minane. Huyu mtoto akicheka namsikia Masolwa. Nilitaka nimsikie kabla sijafa, basi." Julieth, niliona aibu. Miezi miwili nagombana na mzee wa watu mwenye msiba, na mimi nilidhani nagombana na mila.

Imeamuliwa hivi. Minza anabaki hapa. Kila likizo ya shule ya chekechea anakwenda Nzega wiki mbili, na mimi nikitaka nampeleka mwenyewe. Na wewe uje Desemba uonekane kwa macho. Mzee atakuandikia.

Nimempenda huyo mnyama wako. Mama yangu angempenda pia. Namsifu hadi kanisani, na padri ameshaanza kunikwepa.

Mama yako,
Yustina

*

Nzega
26 Oktoba 2025

Kwa mkwe wangu, mama Minza.

Mwangaluka. Mimi Bundala sijambo, na watu wote wa hapa hawajambo.

Nilisema mbele za watu kwamba umemtupa mtoto. Neno hilo nimelirudisha mbele za watu wale wale, na sasa nalirudisha na kwako.

Nilikuwa nakaa na kaburi la mwanangu hapa uani, kila asubuhi naliona, na damu yake iko Tabora. Nilikosa mtu wa kumlaumu nikakulaumu wewe uliye mbali. Huyo nungu nimemfikiria sana. Nimechunga ng'ombe tangu utoto, nimeona ndama wakiachwa na nimeona ndama wakifichwa, tena nilijua kutofautisha. Kwa mjukuu wangu nilisahau.

Hiyo miaka mitatu ya udaktari, kama unaitaka, itake. Lakini habari yake usiipitishe tena dukani. Njoo unieleze mimi, uso kwa uso, tukiwa tumekaa.

Mama yako amesema wanyama hao huishi miaka arobaini na zaidi. Nimefurahi kusikia kuna kiumbe asiyekuwa na haraka.

Baba mkwe wako,
Bundala

*

Itetemia
18 Januari 2026

Julieth mwanangu,

Umefika salama, nimeshukuru. Nyamizi naye umemkuta anaendelea na safari zake, na mtoto miba imekomaa. Mwambie Bi Yustina anamsalimu.

Najua uliondoka hapa moyo mzito. Najua wiki ya kwanza ya Desemba Minza alikuita "dada," akajificha nyuma ya gauni langu, nawe ukaenda kulia chooni ukidhani sikusikia. Najua ya pili alikuruhusu kumvalisha viatu, na Krismasi Nzega alilala mapajani mwako mbele ya Mzee, na Mzee akatoka nje akasingizia moshi. Na najua asubuhi ile pale stendi hakulia. Alikupungia mkono kama anavyompungia yeyote. Nilikuona ulivyopanda basi. Ulidhani yote yale yamekwisha, amekusahau hata kabla basi halijawashwa.

Basi sikia la jana. Nilikuwa nachambua mboga mlangoni. Akaja, akasimama mbele yangu, mikono kiunoni kama wewe ulivyokuwa, akasema, "Mama."

Nikaitika, "Naam." Nimezoea, unisamehe.

Akakunja uso akanitazama kama mtu anayemwelewesha mgumu wa kuelewa. "Si wewe, Bibi. Mama. Anarudi lini?"

Mwaka na nusu niliokaa naye hajawahi kuniuliza hivyo. Niliinamia mboga, machozi yakaanguka humo humo kwenye sinia. Sijui yalikuwa ya furaha au ya wivu. Yote mawili, mwanangu, nisikudanganye.

Nimemwambia mwezi wa saba. Amehesabu kwa vidole, vikamwisha mkono wa kwanza, akaazima viwili vyangu.

Mama yako,
Yustina